Diski ya Mikorosho Kumi na Miwili

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Nimeishi Tezo miaka hamsini na mbili nikilima mahindi na kuokota korosho, na sijawahi kununua mbuzi bila kumtazama meno mara mbili, wala kumwachia mtu ufunguo wa ghala. Mke wangu Nyevu husema siku nikifa nitauliza kaburi limechimbwa na nani. Na aseme.

Basi diski ya kompyuta ilipokufa, wa kwanza kumfikiria alikuwa Mwaringa.

Mwaringa ni mtoto wa baba yangu mdogo. Tunagombania mikorosho kumi na miwili iliyo karibu na kisima. Kwetu shamba ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine: ardhi yaweza kuwa yangu na mti ukawa wa aliyeupanda, na watoto wake wakaja kuokota mpaka kiama. Mwaringa anadai mikorosho ile ilipandwa na babake. Mimi nasema ilipandwa na wangu, na shahidi nilikuwa naye: mama yangu Kahaso. Mwaka jana, mwezi mmoja kabla hajafa, alimwambia binti yangu Lynn awashe laptopu imnase sauti akieleza habari za mikorosho, kisha akamtoa nje. Mimi nilikuwa matangani Vitengeni. Baada ya kumzika mama sikuthubutu kuisikiliza sauti ile, ningelia mbele ya watoto. Niliilinda tu, nikingoja kikao cha wazee wa ardhi, Jumamosi hii.

Na kulinda nililinda kweli. Laptopu ilipovunjika kioo, Lynn aliitoa diski akaitia kwenye kikasha chenye chaja yake. Kikasha nikakificha darini, chaja nikampa jirani yetu Easter aniwekee, ili atakayeiba kimoja asipate cha pili. Nilijiona mjanja sana. Jumatano nikataka kuona taa ya kikasha tu, nijue kingali kizima. Easter alikuwa amekwenda Mombasa na nyumba kafunga. Nikachomoa chaja ya king'amuzi cha televisheni, nikaijaribu. Mdomo wake uliingia sawasawa. Taa iliwaka mara moja ikazimika, na chumba kikanuka kitu kilichoungua.

Nikajiambia, huyu Mwaringa alipanda darini akaichezea.

Kilifi sikwenda, kwa kuwa mafundi wa Kilifi wanakunywa chai naye. Nikaenda Malindi, nikaelekezwa kwa Batuli, mjane wa mji wa kale aliyerithi meza ya mumewe ya ufundi.

"Karibu kaka, keti papa hapa uone mikono yangu," alisema. Akatoa chupa ya rangi ya kucha, akaitia diski nukta nyekundu. "Hiyo alama yako. Ukiondoka itazame, usije ukasema Batuli kakubadilishia."

Hapo ndipo nilipozidi kumshuku. Mtu mwaminifu ana haja gani ya kujitetea kabla hajashtakiwa? Nikasogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza.

"Nani aliichomeka?" akauliza.

"Binamu yangu. Ana uadui nami." Uongo ule ulinitoka kwa urahisi mpaka nami nikashangaa.

"Na chaja aliyotumia unayo?"

Nilikuwa nayo mfukoni, maana nyumbani nisingeiacha. Akaigeuza, akasoma maandishi yake. "Hii ni volti kumi na mbili, na diski yako yataka tano. Binamu yako aliichomeka, kisha akakupa chaja uje nayo?"

Uso uliniwaka kwa aibu, na yeye hakunicheka. Alinionyesha kidude cheusi, kidogo kama punje ya mtama, pale umeme unapoingilia. Kazi yake ni kuungua umeme ukizidi, ili diski yenyewe ipone, na kikishaungua hufunga njia. Akikitoa, diski huenda ikaamka, huenda isiamke. "Na ikiamka haina mlinzi tena," alisema. "Tutoe kilichomo, kisha usiitegemee."

Alikibandua kwa chuma cha moto, akapima, akachomeka chaja ya volti tano. Diski ikaanza kuzunguka. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Kwenye kioo cha kompyuta yake likatokea jina moja: Hawe. Ndivyo Lynn alivyokuwa akimwita nyanyake.

"Lazima niijaribu kama si mbovu," alisema Batuli. "Ukitaka nitatoka, wewe ubonyeze hapa."

Nilitaka atoke, lakini niliogopa kubonyeza vibaya. "Kaa tu," nikamwambia.

Mama akaanza kusema. "Mikorosho ya kisimani aliipanda babake Mwaringa. Mume wangu hakuwako mwaka ule, na maji ya kuinyweshea niliyateka mimi." Akakohoa. "Maneno haya nayaweka humu kwa sababu mwanangu Ziro haamini kinywa cha mtu. Hata mimi nikimwambia, atauliza ni nani aliyenituma."

Batuli alikuwa akipanga bisibisi zake, ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nilihisi nimevuliwa nguo mbele ya mgeni.

"Kaka, nikunakilie?" akauliza.

Ningesema acha, diski ingekufa yenyewe wiki ile au ijayo, na mikorosho ingebaki kuwa yangu. Mwanamke huyu hamjui Mwaringa, na Tezo hajafika. Nilimtazama usoni nikitafuta hila, nisiione.

"Nakili mbili," nikasema. "Ya pili ni ya Mwaringa."

Alipomaliza nikamwambia azicheze zote, nihakikishe zimeingia. Akazicheza. Nikakaa pale pale kitini nikimsikia mama akinisema mara ya pili, na mara ya tatu.