Nilisema "nimemfuta mtoto", mama mkwe akapanda basi

Admini, naomba ufiche jina langu na la karakana ninayofanyia kazi, maana Tabora ni ndogo, watu watanitambua. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, nina binti mmoja ambaye ndiyo kwanza ameanza kutembea. Mume wangu anafanya kazi mgodini, mbali, anakuja akipewa ruhusa. Elimu yangu ni kidato cha nne na chuo cha ufundi, basi. Naandika nikiwa nimechoka, mnisamehe nikichanganya mambo.

Tajiri wangu ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa, anatengeneza milango ya mninga. Alinunua mkono wa roboti uliokwishatumika, akaufungia mashine ya kuchonga mbao kwenye ncha. Kifundo chake kilikuwa kimekufa, mafundi wetu wakatengeneza kingine. Sasa kabla mkono haujagusa ubao, kazi yote inaigizwa kwanza kwenye kompyuta, uone kama utajigonga. Programu ina roboti nyingi tayari, lakini wetu haumo, kwa sababu hakuna mwingine wenye kifundo kama kile. Ikabidi tuuunde wenyewe humo ndani, kipande kwa kipande: kitako, bega, kiwiko, kifundo, halafu kisu. Kazi hiyo nikapewa mimi, na kwa kuwa sina dada wa kazi, nikaruhusiwa kuifanyia nyumbani, mtoto akinivuta gauni.

Sasa sikilizeni lugha yetu. Kipande kinachobeba tunakiita mzazi, kinachobebwa tunakiita mtoto. Bega likizunguka, kiwiko lazima kiende nalo, kwa hiyo kiwiko ni mtoto wa bega. Na ule mkao wa kuanzia, viungo vyote vikiwa sifuri, tunauita nyumbani. Ukikosea mzazi, kipande kinabaki hewani peke yake wenzake wakienda. Mimi nilikosea hapo hapo. Kifundo nilikifunga kwenye kitako badala ya kiwiko.

Nikamrekodia tajiri sauti, huku binti yangu analia mgongoni: "Shikamoo bosi. Mtoto nilimfunga kwa mzazi asiye wake, ndiyo maana mkono ukikunjwa unaachia, na nyumbani harudi. Nimemfuta. Natengeneza mwingine, kesho utamwona." Nikatuma. Ikaenda kwenye grupu la ukoo wa mume wangu.

Nilipogundua nilicheka, nikaifuta na yenyewe. Kumbe kuifuta ndiko kulikoniponza. Walioiwahi wakaona naficha jambo.

Kesho yake mama mkwe akatua kutoka Ziba, hata mzigo hana. Nikapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Lete mkono."

"Mkono gani, mama?"

"Wa mtoto! Upi tena?"

Akamkunja mtoto viwiko vyote viwili, akamkunjua, mtoto anacheka akidhani mchezo. "Eti umemfuta? Mtoto ni ubao wa shule?" Nikamwonyesha kompyuta. Akasogeza uso hadi karibu agonge kioo.

"Ndiye huyu mtoto?"

"Ndiye, mama."

"Hana kichwa."

"Hana, mama."

"Na mzazi wake nani?"

"Kiwiko."

"Mayo wee!" Alicheka hadi akakaa chini. Nami nikacheka. Nikadhani yameisha.

Halafu akaanza kutazama. Ndoo ya nepi, uji uliopoa, mimi nilivyokonda. Akasema kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza: "Mwanangu, umechoka. Mimi nimekulia kijiji cha ujamaa. Mama zetu wakienda shamba la wote, sisi tulilelewa na bibi yeyote aliyebaki, hakuna aliyeona haya. Wewe lea huyo wa chuma. Huyu mwenye kichwa nakwenda naye."

Nikampigia mume wangu. Akasema, "Mpe mama, mpaka umalize hiyo kazi." Nikampa. Sitawadanganya, siku ile nililala kama mgonjwa, nikaona raha.

Kazi ikaisha. Ukibonyeza sasa, mkono unarudi nyumbani, kila kiungo mahali pake. Mlango wa kwanza ulitoka safi, tajiri akasema, "Binti, mkono wa pili unakuja, nao ni wako." Nikamshukuru, nikarudi kwenye vyumba vyangu viwili, nikakuta kandambili moja ya binti yangu chini ya kiti. Siku hizi nakula nimesimama. Majirani wananisalimia kwa jina la mtoto, "Mama Fulani hujambo," naitika, na fulani mwenyewe hayupo.

Nikamfuata Ziba. Akanitazama, akajificha kwenye kanga ya bibi yake. Anamwita mama. Mama mkwe akasema, "Nimesikia kazi ya pili inakuja. Mwache hapa mpaka aanze shule. Au hamia wewe, nyumba ipo." Mume wangu naye kwenye simu: "Mama hajakosea." Nikarudi na basi, Nzega, Puge, mpaka Tabora, kitenge cha kumbebea nimekikunja mapajani.

Naomba msimtukane mama mkwe. Si mtu mbaya, mtoto amenenepa. Lakini mtoto ni wangu na kazi ni yangu, na sitaki kuambiwa nichague. Nimepata mama jirani atakayeshinda naye nikiwa karakana. Nimemwambia mume wangu kwamba Ijumaa nakwenda kumchukua mwanangu. Ameona ujumbe, hajajibu.

Kwenda nitakwenda. Ninachoogopa ni mdomo wangu, maana maneno yangu ndiyo yaliyomleta mama mkwe mlangoni. Ninyi mliowahi kumdai mkwe haki yenu bila kuvunja heshima, niambieni kabla ya Ijumaa: nikishapiga goti, akishaitikia marahaba, nianze na neno gani?