Amplifaya Tatu za Bonge

Mtaani pale, ukitaka mke uliulizia kwa mashangazi. Ukitaka redio ya mtumba uliulizia kwa Masikio. Hakuna aliyebisha. Alikuwa fundi wa redio kwa mwaka wa thelathini na tatu, mwenye kibanda cha mabati chenye upana wa kitanda, na sifa moja tu iliyomlisha yeye, mkewe na watoto wanne: akisema chombo ni kizima, ni kizima. Akisema ni kibovu, hata mwenye nacho aliona haya kukitetea.

Sasa binti yake kitinda mimba, muuguzi, alikuwa ndio kwanza kahamia nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, naye akataka amplifaya ya hom thieta, ya kusikilizia muziki na kutazamia sinema.

"Mpya siiwezi, baba," alisema. "Na mtumba naogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Mimi si nipo hai?" Masikio akamjibu. "Twende kwa Bonge."

Bonge aliuza vyombo vya umeme vya mtumba ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda. Walikuwa marafiki tangu Bonge hajanenepa, na hiyo ni zamani kweli kweli. Wateja walikuwa hawatoi hela kwa Bonge mpaka Masikio akisikilize chombo na kutikisa kichwa kukubali. Ndivyo walivyokula wote wawili.

Siku hiyo dukani palikuwa na watu kama saba. Bonge akapanga amplifaya tatu juu ya kaunta. Masikio akazinusa kwenye matundu ya hewa, maana chombo kilichowahi kuungua hakifichi harufu. Akatazama vichwa vya skrubu kama vimechubuka. Akazungusha volyumu taratibu, akisikiliza mikwaruzo.

"Usidanganyike na wati zilizoandikwa, mwanangu," alisema. "Kwenye karatasi kila mtu ni tajiri. Inyanyue. Ikiwa nyepesi kama sanduku tupu, achana nayo. Tazama nyuma: televisheni ipate pa kuchomeka, na spika zote tano zipate pa kufungwa. Maneno ya sinema yanatoka spika ya katikati. Hiyo ikifa, utabaki kutazama watu wanapanua midomo tu."

Kisha akavuta kiti, akaweka spika mbili ndogo huku na huku usawa wa masikio, akafumba macho. Hivyo ndivyo alivyopima muziki, na watu walinyamaza kana kwamba daktari anasikiliza kifua.

"Kushoto kumekufa," alisema.

"Kumekufa vipi, na juzi nilikuwa naisikiliza?" Bonge akashangaa.

"Sauti iko mbali, kama redio ya jirani. Leta nyingine."

Ya pili, kushoto kumekufa. Ya tatu, vilevile. Hapo Masikio akapandisha hasira. Amplifaya tatu mbovu, kwa ubovu uleule, na anayetaka kuuziwa ni nani? Binti yake!

"Kwa mtoto uliyembeba mwenyewe, Bonge? Huna hata haya?"

"Haki ya Mungu, ndugu yangu, ni nzima!"

"Subiri nikuumbue."

Akafanya kile ambacho kila fundi hufanya. Alihamisha nyaya, ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia ikaenda kushoto. Kama ugonjwa uko kwenye amplifaya, lazima uhame. Akakaa, akafumba macho. Kulia kukaimba vizuri. Kushoto kimya. Haya, basi ni spika. Akazibadilisha spika zenyewe. Kushoto kimya. Akageuza kiti, akakaa akiwa ameupa mlango mgongo, spika zikiwa palepale, na ile iliyokuwa imekufa ikafufuka kwenye sikio la kulia, safi kabisa. Ya pili ikafa.

Alijua. Mtu wa kazi ile asingeweza kutojua. Lakini watu saba walikuwa wanamtazama, na mdomo ukatangulia.

"Hata spika zako ni takataka," alisema. "Duka zima ni takataka tupu."

Akatoka. Nyuma yake wateja walitoka mmoja mmoja, na bwana mmoja aliyekuwa amekwisha kukumbatia feni aliirudisha rafuni. Bonge alibaki kaunta, mikono ikining'inia. Kuvuliwa nguo na adui unaweza kusahau. Na rafiki, je?

Nyumbani Masikio alivua saa ya mkononi, akaiweka sikio la kulia: tik, tik, tik. Akaiweka la kushoto. Akaigandamiza mpaka ikamuumiza.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. "Kumbe ndiyo hiyo," alisema polepole. "Mwaka mzima nakuita, unaitika unapotaka. Nikadhani umenichoka."

"Usimwambie mtu, mama watoto. Fundi wa redio asiyesikia ni nani? Nina miaka hamsini na tisa. Nikaanze kazi gani?"

Mkewe akaichukua ile saa, akamvisha tena mkononi. Wewe ungemjibu nini?

Wiki ile Masikio alifanya kazi ameinamisha kichwa kama kuku anayetafuta punje, sikio la kulia likiwa juu ya kila redio. Ng'ambo ya barabara hakuingia mtu. Habari ilikuwa imekwenda mpaka sokoni: Bonge anauza vyuma chakavu, Masikio mwenyewe kasema. Kila asubuhi Bonge alipanga vyombo nje, kila jioni akaviingiza vyote, bila kupungua hata pasi. Salamu ya asubuhi ilikwisha. Masikio akawa anakaa ameupa mlango kisogo.

Jumamosi binti yake akaja, akasimama upande wa kulia.

"Nimeinunua ile ya pili asubuhi hii, baba. Inafanya kazi vizuri."

"Umenunua baada ya mimi kusema?"

"Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilisikia pande zote mbili."

Masikio akaweka bisibisi chini. "Mbona hukusema?"

"Ningesemaje mbele za watu? Wewe ni baba yangu. Hospitali nitakupeleka, tujue kama kuna la kufanya. Lakini Bonge anasema mwezi ujao anafunga. Hakukutaja kwa ubaya hata kidogo. Aliniuliza tu, alikukosea nini?"

Lingekuwa tusi, Masikio angelivumilia. Hilo swali lilimchoma. Akanyanyuka, akavuka barabara.

Dukani, kwa mara ya kwanza wiki nzima, palikuwa na watu: wanawake wawili wakiulizia bei ya jokofu na mzee mmoja aliyekuja kuchaji simu. Wambea wawili watatu wakamfuata Masikio mlangoni, wakidhani ugomvi unaendelea.

"Bonge," alisema. "Amplifaya zako zilikuwa nzima. Zote tatu. Kibovu ni hili sikio langu la kushoto, na nililijua palepale nilipogeuza kiti. Nikakuacha uaibike kwa sababu niliogopa njaa. Nisamehe, ndugu yangu."

Machozi yalimlenga Bonge, akayafuta kwa kitambaa cha kufutia vumbi.

"Ungeniambia mimi peke yangu, mjinga wewe," alisema. "Sasa umeshamaliza kila kitu."

Kweli alikuwa amemaliza. Kabla ya saa sita mchana Bonge aliuza jokofu na pasi mbili. Na kabla ya saa tisa wateja wanne walifika kwenye kibanda cha Masikio kuchukua redio zao ambazo hazijatengenezwa. Hakuna aliyekuwa mkali. Mmoja alisema anasafiri, mwingine kwamba shemeji yake naye anajuajua ufundi.

Wa mwisho alikuwa mama mshona nguo, mteja wa miaka ishirini. Masikio akauviringa vizuri waya wa redio yake, akaufunga kwa mpira, akamkabidhi kwa mikono miwili. Yule mama akazunguka meza kutoka, akasimama kidogo upande wa kushoto na kusema jambo, midomo ikienda taratibu, akaondoka. Masikio hakulisikia, wala hakumwita arudie.