Mstari Uliobaki Kwenye Rola

Mwezi uliopita nilikwenda Ipinda kumwona dada yangu, nikapita pale palipokuwa chumba cha chapa cha kanisa. Siku hizi ni ghala la kakao. Nilisimama mlangoni, na badala ya kakao, rafiki yangu, kilichonijia puani kilikuwa wino na mafuta ya taa. Kijana aliyekuwa akipanga magunia akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapa ndipo nilipokulia.

Babu ndiye aliyekuwa mpiga chapa, na Bibi alifanya naye kazi. Walikuwa na mashine kuukuu ya kutolea nakala za majaribio, na kwa kuwa hawakuwa na nyingine, ilifanya kila kitu. Unapanga herufi za risasi kwenye kitanda cha chuma, rola mbili zinapita kuzipaka wino, kisha silinda inapita na karatasi. Herufi zenyewe zimegeuzwa, kama maandishi unayoyaona kwenye kioo. Nikiwa na miaka kumi na mmoja nilizisoma hivyo bila shida. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kufua matambara ya wino na kusugua meza. Mchana tulikula wali na mbasa, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma pale kibarazani. Bibi alinawa kwa mafuta ya taa, akanawa tena kwa sabuni, na bado tonge lake lilinukia kazi.

Babu alipenda kusema, "Rola hailali juu ya herufi." Zetu zilikuwa laini, za gundi iliyopikwa na molasi, na ukiziacha zimelalia kitu zinabonyea. Hata mvua ikipiga mlangoni, alizinyanyua kwanza ndipo akimbilie kufunga dirisha.

Alhamisi moja ya masika alitoka saa tisa alasiri bila kumuaga mtu, akashika njia ya mtoni. Mto ulikuwa umejaa. Walimpata Jumamosi, karibu na ziwa, tukamzika Jumapili. Jumatatu, mwalimu wangu, mtu wa Tanga aliyehamishiwa kwetu, alikwenda kukifunga kile chumba. Alikuta rola zimelalia herufi. Akazinyanyua, akazirudisha herufi zote visandukuni, akamletea Bibi ufunguo. Hakuna aliyeuliza Babu alikuwa akipanga nini.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja Mwalimu akaja nyumbani.

"Ugonile, mama," akasema. Salamu za kwetu alikuwa amejifunza.

"Ndaga, mwalimu."

"Watoto wana mtihani, mama, na hakuna karatasi."

Bibi akaniambia nilete ufunguo, tukaenda wote watatu chumbani.

Nakala ya kwanza ilitoka na mstari uliofifia, umekatiza maswali kama mtu aliyepitisha kidole. Chini kidogo ukarudi tena, na chini yake tena. Bibi akasema rola ziko juu mno. Akakaza skrubu za pembeni, zikashuka, na sasa o na e zote zikajaa wino zikawa madoa. Akazipandisha kidogo. Akachukua kipimo, kipande cha chuma chenye kimo sawa na herufi, akakipitisha chini ya rola. Wino unaobaki juu yake unatakiwa uwe na upana wa punje mbili za mchele. Kulia ulikuwa mwembamba, kushoto mnene. Alihangaika na skrubu mpaka pande zote zikalingana. Akachapa. Mstari ulikuwepo palepale.

"Si skrubu," akasema. "Ni rola yenyewe."

Akaichomoa ya kwanza, akaiviringisha mezani juu ya karatasi tupu. Karatasi ikawa nyeusi, na ndani ya weusi ule zikabaki herufi nyeupe, zimegeuzwa. Niliinama nikazisoma kwa sauti kabla sijafikiri: AMELALA KATIKA BWANA ALHAMISI.

Bibi hakunitazama. Akachomoa ya pili, akaiviringisha. MAZIKO YATAKUWA JUMAPILI.

Nje kulikuwa na jua kali na kuku walikuwa wakiparua. Bibi akafungua daftari la kazi. Kazi ya mwisho ilikuwa nyimbo za Pasaka. Juma lile hakuna mtu mwingine aliyekufa, wala aliyeagiza tangazo la msiba.

"Mwalimu," akasema, "uliporudisha herufi, ulisoma?"

"Nilisoma, mama."

"Jina la nani?"

"Hapakuwa na jina. Nafasi yake ilikuwa imejazwa vipande visivyo na herufi."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa ungedhani alikwenda mtoni kwa kutaka."

"Na wewe ulidhani nini?"

"Sijui, mama. Mpaka leo sijui."

Bibi akaketi kwenye kigoda cha Babu, ambacho hakuwahi kukikalia. "Mume wangu angekuwa anajua jina, angeliweka," akasema. "Hakuwa mtu wa kuacha nafasi wazi. Kuna kitu kilimwambia kuna msiba, hakikumwambia wa nani. Akatoka kwenda kututafuta."

Siku ile mimi na Bibi tulikuwa ng'ambo ya mto, shambani, tukipalilia mpunga.

Bibi akainuka kigodani. Aliichuna ile gundi kwenye rola zote mbili, akaikata vipande, akaipika juu ya maji yanayochemka huku akiikoroga kwa mwiko. Karatasi zile mbili nyeusi alizisukuma chini ya sufuria, zikawaka. Tukamimina rola mpya kwenye kalibu, tukaziacha zigande, na keshokutwa yake mtihani ulichapwa safi, bila doa. Nilifanya mtihani ule. Sikumbuki swali hata moja.

Bibi aliendelea na kazi miaka sita zaidi, mpaka kompyuta zikafika na watu wakaacha kuja. Mashine iliuzwa kama chuma chakavu. Herufi walizichukua wavuvi, wakaziyeyusha kuwa risasi za kuzamishia nyavu. Harusi zetu, mitihani yetu na nyimbo zetu zote zilipitia kwenye risasi ile, na sasa inashushwa ziwani na kuvutwa juu kila siku.

Bibi alipokwisha kufa nilikwenda Matema, nikamwomba mvuvi mmoja anionyeshe nyavu zake. Nilikigeuza kipande kimoja cha risasi mkononi, nikitafuta hata herufi moja. Kilikuwa laini pande zote, chenye maji, kizito kuliko nilivyodhani. Mvuvi akaniuliza natafuta nini. Nikamrudishia.