Sauti Yangu na Jogoo wa Jirani

Barua ya kuniita mbele ya kamati haikuletwa kwangu. Ilipelekwa kwa mdogo wangu wa kiume, anayeuza spea za pikipiki hapa Chake Chake, naye akaja nayo kwangu Madungu imekunjwa ndani ya mfuko wa shati, ina alama ya kidole cha grisi. Mie ni mwalimu wa chuo cha Kurani kwa miaka kumi na tisa. Mdogo wangu huyo nilimshika mkono mwenyewe kumwonyesha alifu. Lakini mume wangu amefariki, baba yetu amefariki, kwa hiyo kwa utaratibu wa jumuiya yetu yeye ndiye maharimu wangu, mwanamume wa kunisimamia, na barua yangu ni yake.

"Dada, wanasema sauti yako imesikika," akaniambia.

"Imesikika wapi?"

"Kwenye simu za wanaume."

Nilijua papo hapo. Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa miaka kumi na miwili, alianguka kwenye mkarafuu akavunjika mguu, akapelekwa kwa bibi yake Pujini kuuguzwa. Alibakiwa na juzuu mbili tu ahitimu pamoja na wenziwe. Sasa nimwache? Nikakaa uani na simu, nikamsomea kurasa zake polepole, nikamtumia mama yake kwa WhatsApp. Katikati ya kisomo jogoo wa jirani akawika, tena mahali pabaya, pale panapotakiwa sauti ivutwe harakati sita kamili, mapigo sita ya kidole. Alinikatisha. Nilicheka kidogo nikaendelea na aya iliyofuata, maana mwanafunzi wangu pale nilishamfundisha, anapajua. Mama yake akaipenda, akawapelekea dada zake, wao wakawapelekea waume zao, na wiki haijesha nimeshafika Wete na Konde bila kupanda gari.

Sheria ipo, sikatai. Katika jumuiya yetu mwalimu wa kike hasomi mbele ya wanaume. Nimeishika miaka yote hiyo na wala haikunilemea. Lakini mie sikumsomea mwanamume. Nilimsomea mtoto aliyelala na mguu kwenye plasta. Na barua ilisema darasa langu, wasichana thelathini na mmoja, nimeondolewa mpaka kamati iamue kama nastahili kurudi.

Tulikwenda Alhamisi baada ya alasiri. Wamechagua wapi pa kunihukumia? Darasani mwangu. Wao wamekaa mbele, wanaume saba na kanzu zao, mie nimewekwa nyuma ya pazia nililolishona kwa mkono wangu, na mdogo wangu kakaa ukingoni mwa pazia, nusu kwao nusu kwangu. Shehe mwenyekiti akafungua kwa dua. Kisha akasema kwa kuwa shauri lenyewe ni la sauti, mwalimu hatazungumza. Atasemewa.

Nikamnong'oneza mdogo wangu: "Waambie sikufanya kosa."

Akakohoa. "Dada anaomba radhi kwa usumbufu," akasema.

Nikamvuta kanzu. "Sikusema hivyo."

"Tulia, dada. Niachie mimi."

Niachie mimi. Mtu ambaye hadi leo ukimpa ukurasa asome anajikwaa mstari wa pili, ndiye niliyetakiwa nimkabidhi miaka kumi na tisa yangu.

Basi mjumbe mmoja, mwenye duka kule Konde, akasema haki haiwezi kupatikana bila ushahidi kusikilizwa. Wote wakakubali. Wakaunganisha simu yake na kispika cha chuo, na sauti yangu ikajaa chumba kizima. Wanaume saba wananisikiliza. Jogoo alipowika nilisikia mmoja anacheka. Ilipokwisha, Shehe mwenyekiti akasema mwanzo hakuusikia vizuri, wakarudia. Nasema wakarudia, kutoka bismillahi mpaka mwisho. Mara hii ya pili mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mashaallah, kisomo kimenyooka."

Niliona hasira hadi masikio yakaniwaka moto. Kwa mtoto mgonjwa sauti yangu ni haramu. Kwao wao ni halali, mara mbili mfululizo, kwa kispika, madirisha wazi na watu wanapita barabarani.

"Waulize," nikamwambia mdogo wangu, "wao kamati yao itawaita lini?"

Hakuuliza. Aliuangalia mkeka.

Wakaamua hivi: kila mwenye kisomo kile akifute. Mie niandike barua ya toba, wazazi wasomewe, kisha baada ya miezi mitatu nirudi darasani. Kabla sijavuta pumzi mdogo wangu akajibu, "Amekubali, mashehe." Nikainuka nikatokea mlango wa nyuma, nikamwacha anashukuru.

Sikuandika. Toba ni kwa Mwenyezi Mungu, na kwake naomba kila siku kwa mengi niliyoyafanya kweli. Hilo sikulifanya. Basi darasa wakampa kijana wa kiume, awafundishe wasichana wangu kwa kukaa upande wa pili wa pazia langu. Na binti wa Pujini hakuhitimu. Mama yake aliogopa, akafuta kila kitu, na mguu ulipopona mtoto akaona haya kurudi nyuma ya wenziwe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na mpaka leo hakuna aliyeitwa kulijibia.

Mdogo wangu nilikaa miezi sijamwandalia hata chai. Alidhani nimechukia kwa kuwa tulishindwa.

Mwezi uliopita nilikwenda Konde kumwangalia shangazi yangu, nikaona nimpelekee sukari. Duka lililokuwa karibu ni la yule mjumbe. Nilisita, kisha nikasema kwani nini, nikaingia. Alikuwa anawahudumia wanawake wawili. Nyuma yake kuna pazia la kuingilia ndani kwake, na nyuma ya pazia nikamsikia jogoo.

Nilimjua. Jogoo yule nimeamshwa naye miaka. Baada yake ikaja sauti yangu, na baada ya sauti yangu, sauti ya mtoto wa kike, anafuatiza neno kwa neno.

"Assalamu alaikum," nikasema. "Nipimie sukari kilo mbili."

Sura yangu haijui, hajapata kuiona. Sauti anaijua. Mkono ulimsimama juu ya mzani.

"Bi mwalimu," akasema chini kwa chini. "Mtoto huku hana wa kumsomesha."

"Mliamuru ifutwe."

"Nitaifuta. Akimaliza tu, nitaifuta."

"Nataka darasa langu," nikamwambia.

Akawatazama wale wanawake, akanitazama mie, akafunga mfuko wa sukari mafundo mawili. "Hayo si ya kuzungumzwa dukani. Mwambie mdogo wako aje, tutakaa naye."

Huko ndani mtoto alikuwa amefika pale pale alipowikia jogoo. Akavuta harakati mbili akakata, na akakatia hapo kwa ufasaha kabisa, maana ndivyo alivyofundishwa na jogoo. Nikaegemea kaunta. Nikapaza sauti yangu yote, nikaipitisha juu ya bega la baba yake.

"Hapo usikate, mwanangu. Ni sita. Rudia, uvute."

Simu ikazimwa. Wale wanawake wawili hawakuondoka. Mtoto akaanza aya upya, peke yake, akafika pale, akavuta, nami nikamhesabia kwa kidole juu ya kaunta ya baba yake, mpaka sita zikatimia.