Saa Sita, Simu ya Upepo

Mzee Zaidi wa Misima alitunza simu ya upepo, redio ya kuitana kati ya vituo, kwenye ghala la mahindi kwa miaka ishirini na mitatu, na kwa ukaidi hakuwa na mpinzani Handeni nzima. Bintiye Hafsa aliolewa Vugiri, kwenye bonde la chai ambako mtandao wa simu za mkononi haufiki. Kila saa sita mchana Hafsa alikwenda zahanati ya shamba, akashika redio yao na kumwita: "Shikamoo baba, ovaa," yaani nimemaliza, zamu yako.

Aliposhindwa kuja kwenye arobaini ya mama yake kwa sababu ya ujauzito, mzee alifura. "Sina radhi nawe," akamwambia hewani, vituo vyote vikisikia. Kwetu maneno hayo hayatupwi ovyo. Mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa, radhi ya mzazi hutafutwa kabla ya dawa.

Wiki tatu baadaye, saa sita, redio ilitatarika tu kama mafuta ya moto jikoni. Zaidi akaita mara tatu. Hakujibiwa. "Ananifanyia kiburi," akasema, akaizima, akaenda kula. Hasira hasara, lakini nani angemwambia mzee yule?

Hafsa na mtoto wake walizikwa kesho yake. Msibani, nesi Grasiana wa zahanati ile alimshika Zaidi mkono.

"Mzee, uchungu ulipomshika aliomba tumsogeze redioni. Alikuita mpaka saa saba na nusu. 'Baba, nipe radhi.' Mwisho akaniambia, 'Baba ananisikia, hataki tu.'"

Fundi Enock wa Korogwe aliikagua redio ya Zaidi, asikute ubovu. "Ni jua," akasema. "Siku ile lililipuka. Likilipuka hivyo, anga ya juu humeza mawimbi yetu badala ya kuyarudisha chini, kote kuliko na mchana. Si kosa lako, mzee."

"Liliziba mawasiliano kwa muda gani?"

"Kama dakika arobaini. Saa saba kasorobo mawasiliano yalikuwa safi."

Saa saba kasorobo redio ya Zaidi ilikuwa imezimwa, naye alikuwa akinawa mikono baada ya ugali. Alilia mbele ya fundi, bila aibu.

Siku hizi ghala linatumia simu za mkononi. Lakini ikifika saa sita mzee huiwasha redio, wala haizimi mpaka jua litue.

"Hafsa, nimekupa radhi, mwanangu," husema. "Ovaa."

Kisha huachia kitufe, akasikiliza.