Nilimpeleka binti yangu kuona katuni, muuza mitumba akafanywa mwizi

Wakuu, habari za huko mliko. Hii si chai, yamenikuta mwenyewe na bado roho inauma.

Mimi ni Mkenya, nauza mitumba soko la Owino hapa Kampala. Jumamosi nilifunga mapema nikampeleka binti yangu Achieng, yuko darasa la nne, kwenye banda la video Kabalagala. Kulikuwa na katuni ya watoto.

Kwa wasiojua: huku filamu haionyeshwi kavu. Kuna VJ, anakaa na maiki, anatafsiri huku akitia chumvi zake. Wa pale ni Mkongo, anachanganya Kiswahili na Kiganda, watoto wanampenda ajabu.

Sasa hiyo katuni. Matajiri wote wazuri, wapole, meno meupe. Maskini wote pua kubwa, nguo chafu. Na mwizi mwenyewe ni mzee anayeuza nguo kuukuu. Jamani, nani huchora hivi vitu?

VJ akaona hapo ndipo pa kuchekesha. "Huyu mzee wa Owino! Karibu mama, shati ya marehemu hii, bei ya kutupa!"

Banda zima likaangua kicheko.

Nikamwangalia Achieng. Hacheki. Nyuma yetu wamekaa wasichana watatu wa darasa lake.

Nikataka kusimama nimwambie VJ hata hiyo jezi yake imetoka kwenye mitumba. Achieng akaninong'oneza, "Baba, nakuomba, usiongee."

Nikabaki nimekaa.

Mzee akatiwa pingu, watoto wakapiga makofi. Katuni ikaisha.

Mlangoni msichana mmoja akamuuliza, "Achieng, huyu ni nani?"

Wakuu, nimeshakimbizwa na askari wa jiji na mzigo begani, lakini haki ya Mungu sikuwahi kuogopa kama nilipongoja jibu lake.

"Ni jirani yetu," akasema.

Nikawasalimia vizuri tu. Ningefanya nini, nimuumbue mtoto wangu?

Wenzake walipopotea kwenye kona ndipo akanishika mkono, akasema ana njaa. Nikamnunulia chapati ya mayai.

Simlaumu. Mtoto huamini anachoonyeshwa. Nilichojifunza: kabla ya kumpeleka mtoto kwenye katuni, angalia kwanza maskini wamechorwaje, kisha muizungumzie mapema. Mimi mpaka leo sijazungumza naye.

Wenye mabinti nishaurini, nilikosea kunyamaza? Ijumaa kuna siku ya wazazi shuleni kwao, na sijui niende kama nani.