Mwalimu Aliyemkimbiza Mama Mkwe

Wapo watu wa Mvumi wanaosimulia hadi leo kwamba Mwalimu Lupakisyo alimkimbiza mama mkwe wake kwa fimbo. Si kweli. Mkononi alikuwa na kipande cha chaki, na alikuwa na nia njema kabisa.

Alitoka Tukuyu mwaka 1974. Alishuka basi Mikumi akiwa amevaa sweta, akapanda treni ya Kilosa bado amevaa sweta, akaingia Mvumi amelitupia begani, jasho likimtiririka. Kwao mvua ni mwenyeji. Huku aliikuta ni mgeni wa msimu. Alizitamani ndizi za mama yake, akala ugali bila kunung'unika, akafundisha watoto asubuhi na watu wazima alasiri.

Katika kisomo hicho cha watu wazima, kiti cha mbele kilikuwa cha Mama Yudith. Ukoo wake ulijua kusoma tangu enzi za misheni, na kaka yake, Mzee Cleopa, alikuwa karani kwenye mkonge kule Rudewa. Lakini yeye, kwa kuwa mtoto wa kike, aliachiwa mbuzi. Sasa alisoma kama mtu anayedai chake. Herufi moja tu ilimshinda, k, mpaka siku mwalimu alipomshika mkono wakaiandika pamoja.

"Mwalimu," Mama Yudith akasema, "mkono huu haujashikwa kwa nguvu hivi tangu arusi yangu."

Darasa zima likaangua kicheko.

Binti yake, Yudith, alikuwa amemaliza darasa la saba kwa alama nzuri, msichana mtulivu ambaye hata waliomwonea wivu hawakupata la kumsema. Lupakisyo alimwona kanisani, akamwona tena kisimani, kisha akamtuma mwalimu mkuu, Makarius, awe mshenga. Katika nchi ile mjomba ndiye msemaji wa mtoto, kwa hiyo posa ilipelekwa kwa Mzee Cleopa, naye akaipokea.

Kesho yake Lupakisyo aliingia darasani anatabasamu. Mama Yudith alipomwona tu, alijifunika kanga kichwani, akaruka benchi, akatoka mbio.

Lupakisyo alidhani amepatwa na ugonjwa. Naye akatoka mbio.

"Mama! Mama Yudith! Simama, unaumwa wapi?"

Kadiri alivyoita ndivyo mama alivyokaza mwendo. Wakakata shamba la mahindi, wakapita mbele ya ofisi ya kijiji ambako wajumbe walikuwa kikaoni. Kikao kikavunjika chenyewe. Mama Yudith alikimbia vizuri sana, hilo nalo lisemwe. Akaingia jiko la jirani, akajifungia.

"Nikuitie mganga wa zahanati?" Lupakisyo akauliza mlangoni.

"Mwondoeni!" sauti ikatoka ndani. "Jamani, mwondoeni mtu huyu!"

Makarius akafika, anahema. "Lupakisyo, una akili wewe? Huyo ni mkweo!"

"Najua! Ndiyo maana nahangaika naye!"

Jioni hiyo aliitwa nyumbani kwa Mzee Cleopa, mbele ya wazee wa ukoo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kwenu wakwe hukimbizwa?"

Lupakisyo akaeleza. Kwao anayekimbiwa si mama wa mke kama huku, ni baba wa mume. Mke wa mtoto akimwona baba mkwe kwa mbali, huacha njia na kujificha. Lakini mama wa mke huketi na mkwewe, huzungumza naye.

"Uso kwa uso?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na anakuona ukicheka?"

"Ndiyo, mjomba."

Wazee wakatazamana kwa huruma. Mzee Cleopa akakohoa. "Mwalimu, hatuna ubaya na wewe. Ila dada yangu amekimbizwa mbele ya kijiji kizima. Nitampaje binti mtu wa namna hiyo?"

Lupakisyo alimtazama Yudith aliyekuwa ameketi karibu na mlango, lakini Yudith alikuwa ameinama, mabega yakimtikisika. Haikujulikana analia au anacheka.

Ndipo Mama Yudith akasema kutoka upande wa pili wa ukuta, alikokaa asionane na mkwe. "Yudith, mwambie mjomba wako posa irudi kwa mshenga."

Lupakisyo akafumba macho.

"Irudi, ikae huko. Mimi nimefika katikati ya kitabu. Mkwe hawezi kunifundisha, na mwalimu mwingine wa kisomo hapa hakuna. Mpaka nifaulu mtihani, huyu ni mwalimu tu. Nikifaulu, tutazungumza ukwe."

"Na ukishindwa?" akauliza Mzee Cleopa.

"Nikishindwa, mwalimu gani huyo wa kumpa binti?"

Basi Lupakisyo akafundisha. Alifundisha mpaka sauti ikamkauka. Aliandika maneno kwenye mchanga, kwenye magunia ya pamba, kwenye mlango wa ghala. Wanafunzi wengine wakalalamika.

"Mwalimu, sisi tusio na mabinti tutafundishwa lini?"

Wasengenyaji walisema Mama Yudith alikosea makusudi ili amtese kijana wa watu. Huo ni uzushi. Mwanamke yule hakukosea neno alilokwisha kulijua.

Mwaka uliofuata akaja mtahini kutoka Kilosa. Mama Yudith akasimama, akasoma habari ya kupanda pamba kwa mistari, polepole, bila kuruka neno. Lupakisyo, aliyeruhusiwa kukaa nyuma, alikuwa ametafuna kucha zote.

"Vizuri, mama. Sasa andika ubaoni sentensi yako mwenyewe."

Mama Yudith akafikiri kidogo, kisha akaandika, herufi zimenyooka: *Arusi iwe baada ya mavuno.*

"Vizuri sana!" akasema mtahini. "Umefaulu."

Mama Yudith akafuta vidole, akajifunika kanga kichwani, akatoka kwa mlango wa mbele bila kugeuka. Huku nyuma Lupakisyo alikwisha kuugeukia ukuta, paji la uso limegusa chokaa, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Mtahini akatazama mlango, akatazama ukuta.

"Pana ugomvi hapa?"

"Hapana, ndugu," akajibu Makarius. "Pana arusi."